Nguvu bila breki si nguvu



Katika karatasi yetu hii tumezoea kuzungumza juu ya chanjo za watoto, bei ya unga, likelemba na masomo. Juma hili tunawaletea habari ya mutuka wenye nguvu nyingi, mwekundu, usio na paa. Msicheke kwanza. Mutuka huo umeingia katika madarasa yetu bila kupiga hodi, na una jambo la kutufundisha juu ya chombo kinachopita mbele ya milango yetu kila asubuhi.

Sisi tunaofundisha darasa la sita tunaona kila siku yale watoto wanayochora nyuma ya madaftari. Zamani walichora nyumba, ng'ombe, na ndege zilizokuwa zikitua karibu nasi. Sasa wavulana wengi wanachora mutuka mmoja tu. Wanauona katika simu za kaka zao, na jina lake wanalijua: Ford Mustang. Wakati wa mapumziko wanabishana kuhusu nguvu zake za farasi. Wasichana wanakaa kando. Ukiwauliza wanajibu, "Mwalimu, hayo ni mambo ya wavulana." Halafu kengele inapolia, baadhi ya wavulana wale wale wanakwenda kusukuma chukudu ili wapate franka za jioni. Ukiwaita uwaulize chukudu inafanyaje kazi, wanaona haya. Wanasema ile ni kazi ya maskini, haina hesabu ndani yake.

Tuanze na wasichana wetu. Mustang ulitangazwa kwa dunia tarehe 17 mwezi wa nne mwaka 1964, katika maonyesho makubwa ya New York, Marekani. Lakini siku mbili kabla ya hapo, tarehe 15, mmoja ulikuwa umekwisha kununuliwa katika mji wa Chicago. Aliyeununua hakuwa tajiri wala mwanariadha. Alikuwa msichana wa miaka 22, mwalimu, aliyekuwa ametoka tu katika chuo cha ualimu. Leo anajulikana kwa jina la Gail Wise, na kampuni ya Ford yenyewe imemtambua kama mtu wa kwanza kununua Mustang huko Marekani. Wake ulikuwa wa rangi ya samawati, wenye paa la kukunja. Alihitaji chombo cha kumfikisha shuleni kwake. Ulimgharimu karibu dola 3,500, na fedha hizo wazazi wake ndio waliomkopesha.

Kuna kipande cha habari hiyo ambacho kitawafurahisha. Baada ya miaka kadhaa mutuka ukaharibika, ukaingizwa gereji ya nyumbani. Mumewe akasema atautengeneza. Ukakaa hapo miaka 27! Mwisho aliutengeneza kweli, ukarudi barabarani. Kumbe na huko ng'ambo wamama wanangojea bawaba ya mlango.

Basi msichana akikuambia kwamba mitambo ni mambo ya wavulana, mwambie kwamba huko Marekani mutuka huo ambao kaka yake anauota ulinunuliwa kwanza na mwanamke mwalimu.

Sasa tuje kwenye nguvu zenyewe. Watoto wanasema "farasi" kama watu wanaohesabu mbuzi. Wachache wanajua maana yake. Kipimo hicho kilienezwa na fundi wa Uskoti, James Watt, katika karne ya 18. Alikuwa akiuza mashine za mvuke, na wanunuzi wake walikuwa wakitumia farasi. Walitaka kujua mashine moja itafanya kazi ya farasi wangapi. Katika vitabu vyetu vya shule farasi mmoja ni hivi: kuinua kilo 75 hadi meta 1 juu kwa sekunde 1. Mfuko wa saruji una kilo 50. Kwa hiyo farasi mmoja ni mfuko mmoja na nusu, unainuliwa kutoka miguuni hadi kiunoni katika muda wa kusema "moja".

Mutuka wa mwalimu yule wa Chicago ulikuwa na moteri ya silinda 8 yenye nguvu za farasi 164. Fanyeni hesabu pamoja na watoto: 164 mara 75 ni kilo 12,300. Hiyo ni mifuko 246 ya saruji, yote ikiinuliwa meta 1 kwa sekunde 1. Mustang GT wa mwaka 2024 una farasi 480, yaani mifuko 720. Na mtu je? Mtu mwenye afya akifanya kazi ya mwili saa nyingi bila kujiua hutoa kama sehemu moja ya kumi ya farasi mmoja. Ndiyo maana mama anayepanda na mzigo wa kuni mgongoni anapumua vile. Si mvivu. Mwili una kipimo chake.

Jambo la pili ni paa. Watoto wanadhani kuondoa paa ni kama kuvua kofia. Jaribuni hivi nyumbani. Chukueni katoni ya viatu yenye mfuniko wake, mfunike vizuri kwa utepe. Shikeni pande mbili mjaribu kuikunja kama mnavyokamua nguo. Inakataa. Sasa toeni mfuniko mkunje tena. Inalegea mara moja. Mutuka nao uko hivyo. Paa halizuii mvua peke yake, linashika mwili wote usijisokote pale gurudumu moja linapoingia shimoni. Ukiliondoa, ni lazima uongeze vyuma sakafuni na chini ya milango. Kwa sababu hiyo Mustang usio na paa ni mzito kuliko ndugu yake mwenye paa, ingawa kwa macho unaonekana kama umepunguziwa kitu. Ulichotoa juu umekilipia chini.

Tulipofanya jaribio hilo la katoni darasani, msichana mmoja ambaye kwa kawaida hasemi alisema, "Mwalimu, ndiyo maana chukudu ina ule mti mnene katikati." Darasa likanyamaza. Alikuwa amesema kweli.

Kwa sababu sisi hapa Goma tuna chombo chetu kisicho na paa. Wageni wanakipiga picha, na mji wetu umekitengenezea sanamu ya rangi ya dhahabu pale Rond-point Tshukudu. Hakuna miji mingi duniani iliyomjengea sanamu mtu anayesukuma mzigo. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumkalisha mtoto mbele ya chukudu na kumwambia, "Nieleze"?

Tuiangalie kama wanafunzi. Chukudu ni mti, mara nyingi mkaratusi kwa mwili wake, na mbao ngumu kwa magurudumu. Haina moteri, haili esanse. Mwili wake ni ule ubao mrefu na mnene, ulioinama kutoka mbele kwenda nyuma. Huo ndio paa na sakafu kwa pamoja, ndio unaokataa kujisokota. Magurudumu ni mawili, yamevalishwa mpira uliokatwa katika magurudumu makuukuu ya mituka, ili mbao zisiliwe na mawe. Pale gurudumu linapozunguka hupakwa mafuta, kwa sababu mti ukisuguana na chuma pasipo mafuta unakula nguvu za mwenye kusukuma. Mbele kuna mpini wa pembe mbili. Juu ya ubao kuna kipande cha mpira au kitambaa ambapo msukumaji anaweka goti moja, na mguu mwingine unasukuma ardhi. Fundi anaijenga kwa msumeno, panga, nyundo na misumari, bila karatasi ya mchoro. Kipimo chote kiko kichwani mwake na mikononi mwake.

Je, inafanya kazi namna gani? Inabeba mifuko mingi ya viazi, shu, makala, mbao, mawe ya kujengea, hata mapipa ya maji. Mzigo wa kilo 300 si ajabu kwa chukudu kubwa, na wengine wanapita hapo. Linganisheni na Mustang. Huo una viti vinne, na vile vya nyuma ni vya watoto. Nyuma una sanduku dogo la mizigo, na paa la kukunja linapunguza nafasi ya sanduku hilo. Tena tumbo lake liko karibu na ardhi, hata sentimeta 15 hazifiki. Barabara zetu mnazijua. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake hadi katikati ya mji, na mpaka leo tunatembea, tunajenga na kucheza juu ya mawe yale. Mutuka huo wenye farasi 480 ungeingia katika njia moja ya mawe ya hapa kwetu, na tumbo lake lingelia kabla ya kona ya kwanza. Farasi wote wale wangesimama wakitazamana.

Hatusemi haya ili kuudharau mutuka wa watu. Ulijengwa kwa barabara pana ya lami, na huko unafanya vizuri. Tunasema kwamba kila chombo ni jibu, na swali lake ni barabara na mzigo. Fundi wa Marekani aliulizwa: namna gani kijana apite kwa kasi, upepo ukimpiga usoni, kwa bei anayoweza kulipa? Fundi wa hapa aliulizwa: namna gani mtu asiye na esanse ashushe mifuko sita ya viazi kutoka Kibumba, zaidi ya kilometa 20, juu ya mawe? Wote wawili walitumia hesabu. Mmoja aliiandika, mwingine hakuiandika. Basi mtoto asiseme chukudu haina hesabu ndani yake.

Lakini hapa ndipo penye neno tulilokuja kulisema, nalo si la kuchekesha.

Mwaka huu wa masomo mvulana mmoja wa darasa letu alikosa majuma matatu. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta amekaa kwenye kitanda, mguu umefungwa. Alikuwa ameshuka na chukudu iliyojaa makala. Kwenye mteremko mzigo ukamshinda, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, kile kipande cha mpira kilichokuwa nyuma kikang'oka. Akachagua kuangukia mawe kuliko kugonga watu waliokuwa chini. Mama yake alituambia, "Mwalimu, mtoto huyu ana nguvu. Sijui ilikuwaje." Hatukumlaumu, kwa kuwa fedha ile ilikuwa ya chakula cha nyumba. Tulirudi tukiwa kimya, na kesho yake tukaandika hesabu ifuatayo ubaoni.

Mzigo, chukudu na mtu pamoja: kilo 375. Mteremko: meta 1 chini kwa kila meta 10 za njia. Mwendo: meta 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa, mwendo ambao chukudu inayoteremka inaweza kuufikia. Kwa hiyo kila sekunde kilo 375 zinashuka meta 1. Gawanya 375 kwa 75. Jibu ni 5. Farasi watano wako nyuma ya mgongo wa mtoto, wanamsukuma, hawachoki wala hawasikii. Na ili mwendo usizidi, breki ni lazima iwale farasi wote watano kila sekunde, mpaka mteremko uishe. Breki hiyo ni nini? Ni kipande cha mpira na kisigino cha mtoto. Mvua ikinyesha, mpira ulioloa unateleza, hata hao watano hauwawezi.

Kuna hesabu ya pili. Mwendo ukizidi mara mbili, njia ya kusimama haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Chombo kinachohitaji meta 5 kusimama kikiwa kwenye kilometa 18 kwa saa kitahitaji meta 20 kikifika kilometa 36. Meta 15 zilizoongezeka ndizo wanamosimama watoto wadogo wanaovuka kwenda kununua maandazi. Sheria hiyo haichagui. Inaushika Mustang kama inavyoishika chukudu. Ndiyo maana mafundi wa mituka yenye nguvu, kila wanapoongeza farasi, wanaongeza na ukubwa wa breki. Hawathubutu kuongeza kimoja bila kingine. Wavulana wanaochora mutuka huo wanachora magurudumu makubwa, lakini ukiuangalia wa kweli, nyuma ya gurudumu utaona sahani pana ya chuma. Hiyo ni breki. Wanasahau kuichora kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba nayo ni nguvu.

Tena ndugu zetu wenye chukudu wanajua haya kuliko sisi. Mzee mmoja aliyeshuka njia ile kwa miaka mingi alitueleza kwamba yeye kwanza anaijaribu breki kabla ya kufunga mzigo, kisha baada ya kuufunga, kisha tena juu ya mteremko. Mara tatu. Mpira wa breki anaubadilisha ukiwa bado na unene wa kidole, hangojei uishe. Na mzigo anaupima kwa breki, si kwa kifua chake. "Kifua kinadanganya," alisema. Huyo ndiye mhandisi. Angeweza kusimama mbele ya darasa letu.

Kwa nini tunawaambia wamama, na si wasukumaji peke yao? Kwa sababu mzigo mwingi ule ni wetu. Viazi ni vyetu, makala ni yetu, mifuko ya unga ni yetu. Sisi ndio tunaosema, "Ongeza mmoja juu, utaufikisha tu." Sisi ndio tunaopunguza bei mpaka kijana anaona afadhali abebe safari moja kubwa kuliko mbili ndogo. Na baadhi yetu tuna chukudu tunazokodisha kwa siku. Katika mambo hayo hakuna wa kutuzuia tukitaka kubadilisha. Hatuhitaji kungoja mtu atoke mbali.

Basi tunapendekeza mambo manne kwa vikundi vyetu, yazungumzwe kwenye mkutano ujao.

La kwanza: mama mwenye kukodisha chukudu aitazame breki mwenyewe kila asubuhi kabla haijatoka, na mpira ulioliwa ubadilishwe kwa fedha ya chukudu, si ya msukumaji. Kipande cha mpira kuukuu hakimalizi faida ya siku moja.

La pili: mwenye mzigo asiongeze mfuko juu ya ule ambao msukumaji amesema unatosha. Yeye ndiye anayewajua farasi walio nyuma yake.

La tatu: mtoto wa shule asishuke mteremko na chukudu yenye mzigo. Tunajua njaa ni nini, hatusemi mtoto asisaidie nyumba. Asukume mahali palipo sawa, mzigo mdogo, na arudi kabla ya giza. Na mzazi ambaye hana namna nyingine asione haya kutuambia. Kikundi kipo kwa ajili ya siku kama hizo.

La nne: mabinti. Mwaka ujao wengine watamaliza darasa la sita, na tutaulizwa waendelee na masomo gani. Yule msichana wa katoni alitazama ubao wa chukudu akaona jambo ambalo sisi tuliomfundisha hatukuwa tumeliona. Akitaka kusoma ufundi wa mitambo, asiambiwe kwamba mikono yake itaharibika. Mikono inayosonga ugali na kufua nguo za watu wanane si mikono laini.

Wavulana waendelee kuchora mutuka wao mwekundu. Ni mzuri, hatukatai. Lakini tumewapa kazi, na tunawaomba mwasaidie nyumbani: wachore tena, mara mbili. Mchoro wa kwanza ni Mustang na breki zake zionekane. Wa pili ni chukudu, kutoka mpini hadi gurudumu la nyuma, kila sehemu na jina lake, na pembeni waandike ni kazi gani inafanya. Mtoto asiyejua jina la sehemu fulani aende akamwulize msukumaji, kwa heshima, kama mtu anavyomwuliza mwalimu wake. Michoro hiyo tutaibandika ukutani siku ya mkutano wa wazazi. Njoni muione, na mje na mpira mkuukuu mlio nao nyumbani. Mzee wetu amekubali kuonyesha namna ya kuukata.